MBWA ANAYELETA NDEGE ALIYEPIGWA

(Somo hili lilisemwa katika redio kwa ajili ya madarasa ya watu wazima. Limepigwa chapa hapa ili wanafunzi walisome tena polepole, pamoja na mwalimu wao.)

Leo tutazungumza habari za mbwa anayemsaidia mwindaji kumtafuta ndege aliyepigwa na kumleta mkononi.

Fikirini kwamba ni alfajiri, kando ya ziwa moja katika Marekani. Baridi ni kali. Bwana mmoja ameketi ndani ya matete na bunduki yake ya marisau. Mbwa wake mweusi ameketi karibu naye, kimya kabisa. Bata mwitu wanapita juu. Bwana yule anapiga mara mbili. Bata wa kwanza anaanguka majini, amekufa, anaelea. Bata wa pili amevunjika bawa. Anaanguka ukingoni, anainuka, anakimbia na kuingia katika matete.

Sasa nawauliza: mbwa atumwe kwa bata yupi kwanza?

Wengi mtasema, atumwe kwa yule aliye majini, kwa sababu anaonekana. Sivyo. Yule aliyekufa atangoja. Lakini yule aliyevunjika bawa hangoji. Kila dakika anazidi kwenda mbali. Basi mbwa hutumwa kwanza kwa ndege aliye hai.

Kwa nini tujisumbue kumtafuta? Ziko sababu nne.

Sababu ya kwanza ni huruma. Ndege aliyevunjika bawa hawezi kuruka. Pengine atakaa siku nyingi katika maumivu, halafu afe kwa njaa, au aliwe na mnyama mwingine. Mtu aliyemjeruhi ndiye mwenye wajibu wa kuyamaliza maumivu yake.

Sababu ya pili ni chakula. Ndege asiyepatikana hamlishi mtu. Mwindaji akipoteza mmoja, atataka kupiga mwingine mahali pake, na ndege watapungua bure.

Sababu ya tatu ni sumu. Zamani marisau yalitengenezwa kwa madini ya risasi, na mpaka leo yako mahali pengi. Madini hayo ni sumu. Tai akimla bata aliyejeruhiwa, humeza na vipande vya risasi, akaugua, akafa. Kwa sababu hiyo Marekani ilikataza marisau ya risasi katika kuwinda bata na bata bukini nchi nzima tangu mwaka 1991.

Sababu ya nne ni sheria. Katika Marekani, mtu akimpiga ndege wa kuwindwa katika jamii ya ndege wanaohama, sheria yamtaka afanye juhudi ya kweli ya kumtafuta. Haruhusiwi kumwacha tu na kwenda zake.

Haya, tutazame jinsi kazi inavyofanywa.

Jambo la kwanza si la mbwa, ni la mtu. Mtu apaangalie mahali ndege alipoanguka. Achague alama: mti, jiwe, au kichaka. Asiondoe macho yake hapo. Watu wengi hufurahi, wakageuka kupiga ndege mwingine, na wakirudi hawajui tena yule wa kwanza aliangukia wapi. Majani yote yamekuwa sawa machoni pao.

Jambo la pili ni upepo. Mbwa hatafuti kwa macho tu, hutafuta kwa pua. Pua ya mtu ina chembe za kunusia kama milioni 5 au 6. Pua ya mbwa inazo zaidi ya milioni 100. Lakini harufu huchukuliwa na upepo. Kwa hiyo mbwa apelekwe upande ambao upepo unampiga usoni, ili harufu ya ndege imfikie. Ardhi ikiwa na unyevu na hewa ikiwa baridi, harufu hukaa vizuri. Jua likiwa kali na ardhi ikiwa kavu, harufu hupotea upesi. Tena watu wasikanyage mahali pale kabla ya mbwa kufika, maana wataichafua harufu kwa miguu yao.

Jambo la tatu ni kumwamini mbwa. Mtu aliona ndege akianguka penye jiwe. Mbwa anafika penye jiwe, ananusa, kisha anaondoka na kwenda mbali, pua chini. Mwindaji mgeni humpigia kelele arudi. Kumbe mbwa ndiye mwenye haki! Ndege alianguka penye jiwe, lakini hakukaa pale. Alikimbia, naye mbwa anafuata njia yake. Ndege wengine ni hodari sana kwa kukimbia. Fezanti ni mmoja wao. Kanga wetu wa Afrika naye hupenda kutumia miguu kuliko mabawa. Na bata mwitu aliyejeruhiwa huzama chini ya maji, akatokeza mdomo tu kati ya matete. Jicho la mtu halimwoni.

Jambo la nne ni mdomo wa mbwa. Mbwa mwema hushika ndege bila kumtafuna. Humbeba taratibu, akamkabidhi bwana wake mkononi. Ndege akiwa bado hai, mwindaji humwua mara moja, kwa pigo moja la fimbo kichwani. Asimtie mfukoni akiwa hai, na asimpe mbwa amchezee.

Mbwa hupataje elimu hiyo? Huanza akiwa mdogo, kama mtoto wa shule. Mwalimu wake hutupa mfuko mdogo uliojazwa matambara, naye mbwa huuleta. Kisha mfuko hufichwa katika majani, atafute kwa pua. Baadaye huvingirishwa manyoya ya ndege. Mbwa hufundishwa pia kuketi akisikia filimbi, na kufuata ishara ya mkono: kulia, kushoto, mbele. Hapigwi. Mbwa anayeogopa mkono wa bwana wake hatauletea kitu.

Lakini somo lililo gumu kuliko yote ni kungoja. Bunduki inalia, ndege anaanguka, na mbwa anatetemeka kwa hamu. Hata hivyo ni lazima aketi mpaka aambiwe. Akikimbia ovyo atawafukuza ndege wengine, na pengine atapigwa risasi. Hapa wazee wetu walisema kweli: haraka haraka haina baraka. Lakini bwana wake naye akumbuke kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo. Akiona ndege aliye hai anakimbia, na bunduki zimenyamaza, amtume mbwa bila kuchelewa.

Je, mbwa hawa walitoka wapi? Maarufu kuliko wote ni aina ya Labrador. Asili yao ni kisiwa cha Newfoundland, ambacho leo ni sehemu ya Kanada. Wavuvi wa kule walikuwa na mbwa weusi waliozoea maji ya baridi, waliowasaidia kuvuta kamba za nyavu na kukamata samaki waliochomoka katika ndoana. Katika karne ya 19 mbwa hao walipelekwa Uingereza kwa meli za biashara ya samaki. Matajiri wa huko waliona kwamba mbwa anayeleta samaki aweza kuleta na ndege. Mwaka 1903 chama cha mbwa cha Uingereza kiliwatambua rasmi kuwa aina yao peke yao. Aina nyingine, wenye manyoya ya rangi ya dhahabu, ilianzishwa Scotland na Lord Tweedmouth mwaka 1868.

Huko Uingereza, siku ya uwindaji mkubwa, wako watu ambao hawashiki bunduki kabisa. Kazi yao ni kusimama nyuma ya wapigaji, pamoja na mbwa wao, na kutafuta kila ndege aliyeanguka. Hurudi nyumbani wa mwisho, jua likiwa limekuchwa.

Wanafunzi wetu, somo hili si ruhusa ya kuwinda. Kila nchi ina sheria yake. Katika Kenya, kwa mfano, uwindaji wa wanyama kwa michezo ulipigwa marufuku mwaka 1977. Kwingine yatakiwa kibali, na pengine mbwa hawaruhusiwi. Mwulize kwanza ofisa wa wanyamapori.

Tumrudie yule bwana wa ziwani. Mbwa wake ameingia matete. Twasikia maji yakitikisika, kisha kimya. Dakika zinapita. Halafu mbwa anatokea, amelowa, na yule bata mdomoni. Anamkabidhi, na maumivu yanakwisha upesi. Ndipo anapotumwa kwa yule wa kwanza, ambaye bado anaelea palepale.

MASWALI

1. Mbwa atumwe kwa ndege yupi kwanza, na kwa nini?
2. Taja sababu nne za kumtafuta ndege aliyejeruhiwa.
3. Kwa nini watu wasikanyage mahali ndege alipoanguka?
4. Mbwa akiondoka penye alama na kufuata njia nyingine, mwindaji afanye nini?

MANENO YA KUJIFUNZA

Marisau: chembe ndogo za chuma au risasi zinazotoka katika bunduki ya kupigia ndege.
Alama: kitu cha kukumbushia mahali.
Kukabidhi: kutia kitu mkononi mwa mwingine.
Wajibu: jambo ambalo ni lazima mtu alifanye.