Mugeni wa Ukurasa Wetu Amepita Njia Gani? Tuulize Mbele ya Kulipa



Koperative kadhaa za kahawa za huku Kivu ziko na ukurasa wao kwenye intaneti. Mara nyingi ni mradi ndio ulilipa mwaka wa kwanza. Mradi ukiisha, komite inabaki na ulizo: tuendelee kulipa kwa feza ya wanamemba, ao tuache? Feza hiyo ni jasho la mukulima aliyebeba kahawa mpaka kwenye kituo cha kuoshea. Haifai kuamua kwa kubahatisha.

Hesabu ya mashine haitoshi

Programu ya kuhesabu wageni inatenganisha wale walioandika anwani wenyewe, waliotafuta kwa Google, na waliobonyeza kiungo kwenye ukurasa mwingine. Lakini inakosea. Mutu akibonyeza kiungo alichotumiwa kwa WhatsApp, mara nyingi inamuhesabu kama ameandika anwani mwenyewe. Na yule aliyetafuta jina la koperative kwa Google, nani alimupa jina hilo? Pengine alilisoma kwenye mufuko wa kahawa. Programu ni kama mulinzi wa depo: anaona nani ameingia, lakini hajui nani alimutuma. Kwa kujua, ni lazima kuuliza.

Namna ya kuuliza

1. Tuweke ulizo moja tu. «Ulisikia habari zetu mara ya kwanza wapi?» si sawa na «Leo umefika hapa namna gani?» Kwa kuamua mambo ya feza, la kwanza ndilo linasaidia zaidi.

2. Majibu yawe machache: mutu aliniambia, mufuko wa kahawa, maonyesho, Google, WhatsApp, njia ingine, sikumbuki. Tukikosa kuweka «sikumbuki», wengine watajibu ovyo.

3. Tubadilishe mupango wa majibu kila mara. Wengi wanachagua lile la juu.

4. Tusiombe jina wala namba ya telefone. Tusimuzuie mutu kuona ukurasa mpaka ajibu; ataondoka, na mega zake zimekwisha kuliwa.

5. Kwenye biro na kwa telefone, tuulize vilevile kwa mudomo, tupige vijiti kwenye daftari. Mununuzi ambaye haingiaki kwenye intaneti hatumupate kwa njia ingine.

Kusoma majibu

Tuseme watu 40 wamejibu, na 26 wanasema: «Mutu aliniambia.» Je, ukurasa hauna kazi? Hapana, tusikimbilie huko. Pengine walisikia jina, kisha wakaingia kuhakikisha kama koperative iko kweli, mbele ya kuomba sampuli. Kwa hiyo tutenganishe wale walionunua na wale waliopita tu. Jibu la mununuzi moja linaweza kutufundisha kuliko ya wapita njia 20.

Tukumbuke pia kwamba wageni wote hawajibu. Wenye haraka wanapita. Majibu yanatuonyesha upande wa kuelekea, hayapimi kama balanse.

Tuanze kuuliza miezi mbili mbele ya mukutano mukuu. Siku ile, muandishi asome daftari mbele ya wote, aseme na bei ya ukurasa. Kisha wanamemba, wenye feza, ndio wataamua.