Kuku Hatoki Jasho

Saa nane mchana, mwezi wa Februari, ingia ua wowote wa Tanga, Dar es Salaam au Mombasa umtazame tetea aliyejisitiri chini ya mwembe. Mabawa ameyaachanisha na mbavu, mdomo uko wazi, ngozi ya koo inatetemeka haraka haraka, na undu umeiva kwa wekundu. Wengi humpita wakidhani amepumzika. Kumbe anahangaika kutoa joto mwilini.

Joto la mwili wa kuku mzima ni nyuzi 41 hadi 42 za Selsiasi. Likifika 46 au 47, anakufa. Ngozi yake haina tezi za jasho, na juu yake kuna manyoya yanayozuia joto kutoka. Hivyo damu yake hukimbilia sehemu zilizo wazi, yaani undu, ndevu za chini ya mdomo na miguu, ili ipoe. Hiyo isipotosha, anahema. Akiwa ametulia huvuta pumzi kama 25 kwa dakika; akielemewa na joto hupita 150. Kila pumzi hutoka na mvuke, na gramu moja ya maji ikigeuka mvuke huondoka na takriban kilojuli 2.4 za joto. Kwa kuku wa kilo 2, gramu 3 hivi, maji yasiyojaza kijiko cha chai, zinatosha kumpunguzia nyuzi 1. Ndivyo mtungi unavyopoza maji: unavuja kidogo kidogo, hewa inaukausha, na joto linaondoka na ule mvuke.

Lakini mtungi hautaki hewa iliyokwisha kulowa, na kuku vilevile. Dodoma mwezi wa Oktoba hewa ni kavu, kwa hiyo kuku akihema anapoa. Dar es Salaam wakati wa kaskazi kipimajoto husoma 32 au 33 na hewa imejaa unyevu. Kuku anahema kwa nguvu na kupata nafuu kidogo, huku misuli yake ikizalisha joto jingine. Usiku nako joto halishuki sana chini ya 25. Ndiyo maana nasema wazi kwamba kunyunyizia kuku maji ndani ya banda lililozibwa, kwetu huku pwani, ni kuwaumiza. Maji hayo husaidia pale tu panapopita upepo wa kuubeba mvuke. Kama una maji ya kumwaga, mwagia paa.

Na lawama kubwa mimi naiweka kwenye paa. Bati lililopigwa na jua la adhuhuri linaweza kupita nyuzi 60, na joto hilo hushuka moja kwa moja juu ya mgongo wa kuku hata kama hewa ya bandani si mbaya sana. Banda likiwa fupi, kuku anakaa kama chini ya pasi. Makuti yana hewa katikati ya majani yake, na hewa hiyo inazuia joto kupenya. Mwenye bati si lazima alibandue: atandaze makuti au nyasi juu yake, au alipake chokaa nyeupe, na aliinue kama nafasi ipo. Urefu wa banda uelekee mashariki na magharibi, ili jua la asubuhi na la jioni lipige kuta fupi tu. Kuta ndefu ziwe tofali hadi magotini, na kutoka hapo wavu. Nimeona mabanda ya tofali hadi juu, yenye kidirisha kimoja, kwa hofu ya wezi na vicheche. Hofu hiyo ina haki yake, lakini wavu mgumu na kufuli nzuri huzuia mwizi bila kuzuia hewa.

Kwa siku za kawaida kuku hunywa maji karibu mara 2 ya uzito wa chakula chake. Joto likikaza, hufika mara 4 na zaidi. Ila maji yakiwa ya moto hunywa kidogo, na maji ya tangi jeusi lililoanikwa juani yanakuwa ya moto kweli. Yaache yapoe kwenye ndoo kivulini, uyaweke katika chombo kipana cha udongo, na uyabadilishe adhuhuri. Chakula kina saa zake pia, kwa sababu kukimeng'enya huzalisha joto. Wape alfajiri, ondoa vyombo saa nne asubuhi, rudisha saa kumi na moja jioni. Maji yasiondolewe kabisa.

Wenye kuku wa mayai hulalamika kwamba msimu huu maganda yanakuwa mepesi, na wengi hulaumu chakula. Mara nyingi chanzo ni pumzi. Kuku anayehema sana hupoteza kabonidioksidi nyingi kutoka kwenye damu, na ganda la yai hujengwa kwa kalsiamu kabonati, ambayo huhitaji gesi hiyo. Mwaka 1985 watafiti nchini Marekani walichapisha matokeo ya kuwanywesha kuku wa mayai waliokuwa kwenye joto maji yenye gesi hiyo, kama ya soda isiyo na sukari, na maganda yakawa imara zaidi. Sisi wa uani tutosheke na kivuli, na makombe ya chaza yaliyopondwa, yatolewe jioni kwa kuwa ganda hujengwa zaidi usiku.

Tusimsahau kishingo, kuku asiye na manyoya shingoni, ambaye wapo wanaomdharau kwa sura. Jeni yake humpunguzia manyoya ya mwili kwa takriban asilimia 20 akiirithi kwa mzazi mmoja, na 40 akiirithi kwa wote wawili. Mwaka 2011 watafiti wa Taasisi ya Roslin, Edinburgh, walieleza badiliko lenyewe la kijenetiki. Kwa joto la pwani, huyu ni mbegu ya kutunzwa.

Ukimkuta kuku amelala ubavu, undu umepauka, usimkimbize wala usimpe barafu. Mwingize hadi shingoni katika maji ya kawaida, kisha mweke penye kivuli na upepo. Halafu wewe mwenyewe ingia bandani saa hiyohiyo, uchutame walipo kuku. Ukishindwa kukaa dakika kumi, paa hilo lishughulikiwe kabla ya Desemba.