Ufunguo wa Siri Badala ya Neno la Siri



Watanzania wengi wanaufahamu ujumbe wa "ile pesa tuma kwenye namba hii". Tapeli wa namna hii havunji mlango. Humshawishi mwenye nyumba amkabidhi ufunguo. Hata neno la siri la barua pepe huibwa hivyo: mtu hutumiwa ukurasa wa bandia unaofanana na ule halisi, naye huliandika humo kwa mkono wake.

Kwa kazi zetu hili si jambo dogo. Tuchukue mfano wa kikundi cha akiba katika shehia ya Wambaa, wilaya ya Mkoani, Pemba, kinachotuma taarifa kwa mfadhili kwa barua pepe. Anayeiteka barua pepe hiyo anaweza kuandika kwa jina la kikundi na kuomba fedha zipelekwe kwingine. Kinachopotea hapo ni fedha pamoja na uaminifu.

Mwezi Mei 2022 kampuni za Apple, Google na Microsoft zilitangaza kupanua matumizi ya njia nyingine, yaani ufunguo wa siri, ambao wengine huuita paskii. Google iliuweka kwenye akaunti zake Mei 2023.

Unafanyaje kazi?

Ufunguo huu una sehemu mbili. Moja hubaki na mwenye huduma. Nyingine huhifadhiwa kwa siri katika simu yako. Ukitaka kuingia, simu hukuomba alama ya kidole au namba ya kufungulia simu, kisha huthibitisha yenyewe. Alama ya kidole haitoki kwenye simu. Ukurasa wa bandia haupati kitu, kwa kuwa ufunguo hufanya kazi kwenye anwani halisi tu. Wewe mwenyewe huna neno la kumtajia tapeli.

Mambo ya kuzingatia

1. Usitengeneze ufunguo kwenye simu ya kuazima au kompyuta ya wengi. Anayeweza kuifungua ataweza kuingia.
2. Namba ya kufungulia simu isijulikane na mtu mwingine, hata wa nyumbani.
3. Simu hupotea. Weka ufunguo wa pili kwenye kifaa kingine unachokimiliki.
4. Mwenyekiti, katibu na mhazini kila mmoja awe na akaunti yake.
5. Namba ya siri ya pesa za simu ni jambo jingine, na bado inatumika. Usimtajie mtu yeyote. Namba ya tapeli itumwe 15040, huduma ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania.

Tunaziomba kamati zote ziliweke jambo hili kwenye ajenda ya kikao kijacho. Anayeanza afungue mipangilio ya akaunti yake, sehemu ya usalama. Nanyi wafadhili, mkipokea barua ya kubadili akaunti ya benki, tupigieni kwanza kwa namba mliyo nayo tangu zamani.