Buti ngumu za mlimani zajaa Owino, lakini si kila jozi itafika mlimani

KAMPALA. Mfanyabiashara anayetoka Kasese, Kapchorwa au Beni kuja kufungasha viatu Kampala hasumbuki sana na jina lililoshonwa kwenye ulimi wa kiatu. Anachotaka kujua ni kama mteja atarudi nacho mkononi akidai fedha yake. Katika viatu vyote vinavyomwagwa juu ya maturubai ya soko la Mtakatifu Balikuddembe, ambalo kila mtu bado analiita Owino, hakuna kinachorudishwa kwa hasira kama buti ngumu ya mlimani. Bei yake ni kubwa kuliko raba na sura yake ni ya kiatu cha kuishi miaka ishirini. Hata hivyo inaweza kumvunjikia mtu miguuni siku ya pili.

Hapa tunazungumzia zile buti nzito za ngozi nene, zenye shingo inayopita kifundo cha mguu, mkanda wa mpira kuzunguka ncha, na soli isiyopinda hata ukiishika kwa mikono miwili. Nyingi zilitengenezwa kwa ajili ya wawindaji na wapanda milima wa Ulaya. Lowa, Meindl na Hanwag ni za Bavaria, Ujerumani, na Zamberlan na Crispi ni za Italia. Mwindaji wa milima ya Alps anatembea siku nzima kwenye miteremko ya mawe akiwa na mzigo mgongoni, na soli ngumu inamsaidia kusimama kwenye ukingo wa jiwe bila unyayo kuchoka.

Huku kwetu anayeinunua si mwindaji. Ni mwongoza watalii wa Mlima Elgon, mpagazi wa Rwenzori, mchimba mawe, au mtu wa mradi anayezunguka vijijini msimu wa mvua. Ukivuka hadi Moshi, wapagazi wa Kilimanjaro ni soko jingine, na huko viatu ni suala zito kiasi kwamba upo mradi wa kuwasaidia wapagazi, KPAP, unaowaazima mavazi ya mlimani wasioweza kuyanunua.

Anayepeleka mzigo Kasese aelewe jambo moja kuhusu mteja wake. Njia za Rwenzori zina matope ya kufika magotini, na siku nyingi wapagazi na wageni wao hutembea na gambuti. Buti ngumu huvaliwa juu zaidi, kwenye mawe, na hasa kwenye barafu ya kuelekea kilele cha Margherita, mita 5,109, kwa sababu meno ya chuma ya kukanyagia barafu hayashiki vizuri kwenye soli laini. Kwa hiyo Kasese huuzi jozi nyingi za buti hizi. Unauza chache, kwa watu wanaojua wanachotafuta, na mtu wa namna hiyo humdanganyi mara mbili. Gambuti ndiyo ya kupakia kwa wingi.

Sasa tuje kwenye ugonjwa wenyewe. Kati ya soli ya chini inayokanyaga ardhi na ngozi ya juu kuna tabaka la katikati, mara nyingi la povu gumu la poliuretani. Ndilo linalobeba uzito na kupunguza kishindo. Povu hili lina adui mmoja mkubwa, nao ni unyevu. Mvuke wa maji hewani huingia taratibu na kukata minyororo ya kemikali inayolishikilia, na joto huharakisha kazi hiyo. Baada ya miaka kadhaa tangu kiatu kitoke kiwandani, povu linakuwa kama mkate mkavu. Kwa nje huoni kitu. Ngozi inang'aa, meno ya soli hayajalika, kamba ni mpya. Mteja anavaa, anatembea kilomita tano, soli inabanduka nzima na kubaki njiani.

Linalowashangaza wengi ni kwamba kiatu kilichokaa kabatini huoza sawa na kilichovaliwa, na mara nyingi huwahi zaidi, kwa kuwa kukanyagwa mara kwa mara husaidia kuusukuma unyevu nje ya povu. Ndiyo maana buti inayoonekana mpya kabisa kwenye lundo la mitumba, ile ambayo wenzetu wa Gikomba wangeiita kamera na kuitoza bei ya juu, inastahili kutiliwa shaka kuliko ile iliyochakaa kidogo. Mzungu aliinunua, akaivaa mara mbili, akaisahau miaka kumi, kisha akaitoa sadaka. Ikapakiwa kwenye kontena, ikavuka bahari, ikakaa kwenye joto la Mombasa kabla ya kupanda hadi hapa.

Kuikagua hakuhitaji mashine. Bonyeza tabaka la katikati kwa ukucha wa dole gumba, hasa upande wa kisigino. Likiwa zima, litarudi lilivyokuwa. Likibaki na shimo, likitoa unga, likinata kama gundi au likionyesha mistari midogo ya nyufa, achana nalo. Kisha shika kisigino kwa mkono mmoja na ncha kwa mkono mwingine, ukunje kwa nguvu mara kadhaa huku sikio likiwa karibu. Mlio wa kukatikakatika ni habari mbaya. Angalia pia mahali soli inapokutana na mkanda wa mpira: gundi mpya ya manjano ina maana kwamba kuna fundi aliyepita kabla yako. Muuzaji akikuzuia kukunja kiatu chake, umeshapata jibu.

Buti iliyooza povu peke yake si lazima itupwe. Fundi mzuri anaweza kung'oa tabaka lote na kuweka soli ya mpira mzito, na ngozi ya juu ikaendelea miaka mingi. Lakini hapo umenunua ngozi na kazi ya fundi, na bei unayolipa kwenye turubai iwe ya ngozi tu. Soli ya tairi, ambayo mafundi wetu wanaipenda kwa sababu haiishi, inaongeza uzito na kuteleza kwenye jiwe lililolowa. Kwa mchimba mawe inafaa. Mwongoza watalii usimpe.

Kasoro ya pili ni saizi, na hapa mfanyabiashara wa kuvuka mpaka ana shida ambayo mwenye duka hana, kwani mteja wake hayupo. Amepewa agizo kwa simu, "niletee 43". Namba hiyo haitoshi. Saizi za Ulaya huongezeka kwa theluthi mbili za sentimita, za Uingereza kwa theluthi moja ya inchi, na za Marekani zina mwanzo wake mwingine, hivyo 43 ya Ulaya huwa karibu na 9 ya Uingereza na 10 ya kiume ya Marekani. Buti nyingi za Ujerumani zimeandikwa namba ya Uingereza, na nimeona wauzaji wakiisoma kama ya Marekani kwa kujiamini kabisa.

Mwambie mteja asimame juu ya karatasi, jioni, miguu ikiwa imevimba kidogo kwa kazi za siku, na amevaa soksi nene atakazotumia. Achorwe miguu yote miwili, kwa maana ni nadra ikalingana. Njoo na karatasi hiyo Owino. Vuta soli ya ndani ya buti, iweke juu ya mchoro, utazame. Mbele ya kidole kirefu ibaki nafasi ya karibu upana wa kidole kimoja cha mkono. Pembeni mchoro usizidi soli kwa kiasi cha kuonekana. Sehemu hii ya pembeni ndiyo inayowaangusha wengi. Mtu aliyekua akitembea peku au kwa ndala huwa na unyayo mpana mbele na vidole vilivyotanuka, wakati kalibu nyingi za Ulaya ni nyembamba. Akiongeza namba ili apate upana, kisigino kitaelea. Atafute buti pana, asitafute ndefu. Fundi anaweza kutanua ngozi kidogo, lakini pale penye mkanda wa mpira haitanuki.

Kama mteja yupo, mambo ni rahisi zaidi. Avae, afunge kamba, apande na kushuka ngazi za jengo lolote la Kikuubo. Wakati wa kupanda, kisigino kisiinuke isipokuwa kwa kiasi kidogo sana. Wakati wa kushuka, vidole visigonge mbele. Buti inayogonga vidole kwenye ngazi za Kikuubo itamng'oa kucha akishuka Elgon.

Buti ngumu haikai mguuni siku ya kwanza, hata ikiwa saizi sahihi. Kwa mitumba kuna kikwazo zaidi: ngozi imeshajikunja kwa umbo la mguu wa mtu mwingine. Mteja aivae nyumbani saa moja au mbili kwa siku kadhaa, kisha aende nayo sokoni, kisha abebe mzigo mdogo na kupanda kilima. Wiki mbili au tatu si nyingi. Akihisi moto mahali pamoja, asimame hapo hapo na kubandika plasta, asingoje lengelenge. Soli ya ndani ya zamani itupwe na kuwekwa mpya. Ile desturi ya kulowesha buti kwenye ndoo na kuianika karibu na jiko la mkaa ili "ilegee" inaua ngozi na kulegeza gundi kwa pamoja. Ikilowa, ijazwe magazeti na kukaushwa kivulini, kisha ipakwe nta.

Kuhusu rangi, kuwa mwangalifu. Buti za uwindaji mara nyingi ni za kijani au zina vipande vya madoadoa, na jozi nyingine ni za kijeshi kabisa zilizochanganywa humo. Sheria ya UPDF ya mwaka 2005 inamkataza raia kuwa na vifaa vya jeshi bila idhini, na tangu mwaka 2019, bereti nyekundu ilipotangazwa rasmi kuwa vazi la jeshi, askari wamekuwa wakali zaidi kwa chochote kinachofanana na sare. Kahawia na kijivu havikuletei maswali kwenye kizuizi.

Mpakani napo kuna jambo linalowapotosha wengi. Cheti rahisi cha asili ya bidhaa, kile cha mizigo isiyozidi dola 2,000, ni cha bidhaa zinazozalishwa katika nchi za Jumuiya. Buti ya Bavaria haiwi ya Uganda kwa kulala Owino, na kujiunga kwa Kongo mwaka 2022 hakukubadili hilo pale Mpondwe. Anayeelekea Gatuna akumbuke kwamba Rwanda ilipandisha ushuru wa viatu vya mitumba mwaka 2016 hadi dola 5 kwa kilo. Jozi moja ya buti hizi inaweza kufika kilo mbili, kwa hiyo ipime kwenye mizani kabla ya kukata tiketi ya basi.