Mgonjwa Aliyeshushwa Paani

Msomaji wa Chamwino akisikia Injili ya Marko sura ya 2 hahitaji kuchorewa picha. Nyumba ile ya Kafarnaumu ni ndugu wa tembe letu la Kigogo: paa bapa la miti, matawi na udongo. Watu wanne walipanda, wakalifukua, wakamshusha aliyepooza mbele ya Yesu. Mwenye nyumba alisema nini hatuambiwi, ingawa sisi tunajua mvua za Desemba hazilionei huruma paa lililotobolewa. Tunachotaka mkione ni kwamba mlango ulikuwa umezibwa na watu waliokuja kumsikiliza Bwana.

Siku hizi mlango huzibwa kwa maneno. Wapo watoto wanaoachwa ndani kila Jumapili kwa sababu mama anaogopa kuambiwa kwamba mtoto amelogwa, au kwamba wazazi wamekosa. Wanafunzi wa Yesu nao waliuliza hivyo juu ya kipofu wa Yohane 9. Yesu aliwakatalia: si yeye wala wazazi wake. Tena Mefiboshethi, mwana wa Yonathani, alilemaa miguu yote miwili kwa sababu yaya alimwangusha wakati wa kukimbia, akiwa na miaka 5. Ilikuwa ajali. Baadaye Daudi alimpa nafasi mezani pake siku zote.

Hapa kwetu ipo sababu moja ya upofu tunayoijua kwa jina: vikope. Vijidudu vyake huhamishwa na nzi, vidole na kitambaa kimoja kinachofutia nyuso za watoto wote. Mtoto akiambukizwa mara nyingi, kope hupata makovu kwa ndani. Miaka ikipita hujikunja, nywele zake zikakwaruza kioo cha jicho mpaka kikawa na ukungu. Wanawake huumia zaidi, kwa kuwa ndio wanaolea watoto. Wengine hung'oa nywele hizo kwa kibano, nazo huota tena. Kinachofaa ni upasuaji mdogo wa kope, ufanyike mapema, kwani uoni uliokwisha kupotea kwa kovu la kioo haurudishwi na upasuaji huo. Maji ya kuchimba mchangani ni ya shida, tunajua, lakini uso wa mtoto huoshwa kwa kopo dogo tu.

Kwa aliyekwisha kupofuka, elimu ipo. Shule ya wasioona ya Buigiri, iliyoanzishwa na ndugu zetu Waanglikana mwaka 1950, iko wilayani humu.

Kanisa nalo lilikuwa na mlango mwembamba. Sheria yake ya mwaka 1917 ilihesabu ulemavu uliomzuia mtu kuhudumu vema altareni kuwa kizuizi cha upadre. Katika Sheria ya 1983 kizuizi hicho hakimo tena.

Basi jumuiya ndogondogo zitafute watu wanne wa kumbeba jirani asiyeweza kutembea. Kizingiti cha kanisa kiwekewe mteremko wa udongo ulioshindiliwa. Komunyo ipelekwe kwenye benchi. Msomaji wa Neno asimame penye mwanga, ili asiyesikia vizuri aone midomo yake. Na anayemwongoza asiyeona asimvute mkono kama ndama: ampe kiwiko akishike, kisha atangulie nusu hatua.