Taji la Carthage na Majumba Yaliyofungwa

Mwaka 2022, katika jiji la Tunis, filamu iliyochezwa kwa Kiswahili ilitunukiwa Tanit ya Dhahabu, tuzo kuu ya Tamasha la Sinema la Carthage. Filamu hiyo ni Vuta N'kuvute, iliyoongozwa na Amil Shivji kutokana na riwaya ya Adam Shafi. Wengi wetu tuliisoma riwaya hiyo darasani, tukawafahamu Yasmin na Denge, na Unguja ya miaka ya 1950 chini ya Waingereza, kabla hatujawaona wakitembea juu ya kitambaa cheupe. Hatuna budi kufurahi. Hata hivyo furaha yetu ina doa, nasi tunaona afadhali tuliseme.

Carthage si tamasha la jana. Lilianzishwa mwaka 1966 na Tahar Cheriaa, Mtunisia aliyetaka filamu za Waafrika na Waarabu zipate uwanja wa kushindana zenyewe kwa zenyewe, bila ya kungojea hukumu ya Ulaya. Tuzo zake zina jina la Tanit, mungu wa kike wa Carthage ya kale. Wa kwanza kuitwaa ile ya dhahabu alikuwa Sembène Ousmane wa Senegal kwa La Noire de..., habari za msichana wa Dakar anayepelekwa Ufaransa kutumika katika nyumba ya watu, hata akajiua huko. Mwaka 1972 tuzo iligawiwa wawili: Tewfik Saleh wa Misri kwa filamu ya masaibu ya Wapalestina, na Sarah Maldoror kwa Sambizanga. Katika filamu hii mwanamke wa Angola, mtoto mgongoni, anahangaika toka gereza hata gereza akimtafuta mumewe aliyekamatwa na Wareno. Angola wakati huo ilikuwa bado inapigana, na waliotoa tuzo ile walijua walikuwa upande gani. Mwaka 1982 ikawa zamu ya Souleymane Cissé wa Mali kwa Finyé.

Kwa miaka mingi tamasha lilifanyika kila baada ya miaka miwili, likipokezana na lile la Ouagadougou. Tangu 2015 ni la kila mwaka, ingawa mwaka 2023 lilifutwa kwa ajili ya vita vya Gaza. Wakati wake ukifika, wanafunzi na makarani hupanga foleni katika barabara ya Habib Bourguiba kugombea tikiti za filamu za Kiafrika, na filamu nyingine hupelekwa hata magerezani wafungwa wazione. Basi mfungwa wa Tunisia aweza kuwa na bahati kuliko raia huru wa Tabora.

Hilo ndilo doa lenyewe. Cheriaa hakuchoka kusema kwamba anayeshika usambazaji wa filamu ndiye anayeishika sinema. Sisi usambazaji tumeuacha ujifie. Unguja mjini palikuwa na Majestic na Empire. Miji ya pwani na ya bara nayo ilikuwa na majumba yake, ambamo baba zetu walizipanga foleni picha za Kihindi na nyimbo zake wakatoka nazo kichwani. Leo mengi ni maduka, mengine makanisa, mengine magofu ya popo. Yaliyobaki yamo katika miji michache mikubwa, na humo filamu za Marekani ndizo zinazotawala. Mtu wa Tabora au wa Lamu atakwenda wapi kuitazama filamu ya lugha yake iliyovikwa taji ugenini?

Wapo watakaotujibu kwamba simu imetosha. Hatukubali. Vuta N'kuvute ni hadithi ya watu waliojifunza kusimama pamoja. Kuitazama peke yako, chini ya shuka, kwenye kioo cha upana wa kiganja, ni kuipunja.

Hatuombi majumba ya marumaru. Karibu kila mji wetu una ukumbi wa jamii unaokodishwa kwa harusi siku za Jumamosi na kulala kiza siku nyingine. Mashine moja ya kuonyeshea, kitambaa, spika mbili na kiingilio ambacho mchukuzi wa sokoni anakimudu: mambo hayo hayazidi uwezo wa halmashauri. Tungependa kusikia ni halmashauri ipi itakayoanza.