Kutoka Triathloni hadi Mbio za Baiskeli (2): Aliyezoea Kupasua Upepo Peke Yake

Juma lililopita tuliishia pale ambapo mwanatriathloni wa ridhaa, akiwa amekatazwa kukimbia na goti au nyonga, anaamua kubaki na baiskeli tu. Anajiona yuko tayari. Pumzi anayo, miguu anayo, na kilomita 40 za kunyonga bila kupumzika amezizoea. Kisha siku ya kwanza katika mbio za barabarani anaachwa na watu ambao, wakipimana mmoja mmoja, angewashinda.

Sababu ni upepo. Katika mashindano mengi ya triathloni ya watu wa ridhaa ni kosa kumganda aliye mbele. Kila mtu apasue hewa yake. Kwenye mbio za baiskeli kumganda mwenzako ndio ufundi wenyewe. Anayejibanza nyuma ya mwingine, gurudumu kwa gurudumu, anaweza kuokoa hata theluthi ya nguvu zake, na katikati ya kundi kubwa huokoa zaidi. Ndiyo maana mara nyingi hashindi mwenye nguvu kuliko wote, bali aliyezitunza hadi dakika inayozidai. Tena mwendo wenyewe ni mwingine. Mwanatriathloni hunyonga kwa kasi moja, maana bado kukimbia kunamngoja. Kundi hujivuta, likafyatuka ghafla, likatulia, likafyatuka tena kwenye kona inayofuata. Na humo ndani viwiko vinagusana kwa mwendo wa kilomita 45 kwa saa. Anayeshtuka na kubana breki anaweza kuangusha watu kumi nyuma yake. Ule usukani wa kuegemea viwiko, alioupenda sana, hauruhusiwi hapa.

Ushauri wa kawaida ni kwamba ajifunze kwanza kuishi ndani ya kundi. Hata mimi huutoa. Lakini yuko mwanamke mmoja ambaye kila nikimkumbuka huniongezea imani na watu wa ridhaa.

Anna Kiesenhofer wa Austria ni mwanahisabati. Shahada ya uzamivu aliipata Barcelona. Alianza na triathloni na duathloni mwaka 2011, kisha jeraha likamzuia kukimbia, na mwaka 2014 akageukia baiskeli. Mwaka 2017 aliingia timu ya kulipwa, akaiacha mwaka uleule. Nguvu yake kubwa ilikuwa katika mbio za kupimwa muda, ambako mtu hushindana na saa akiwa peke yake. Kundi halikuwa nyumbani kwake.

Tarehe 25 Julai 2021, katika Olimpiki ya Tokyo, alijipanga kwenye mstari wa kuanzia bila timu ya kulipwa nyuma yake, mbele yake kilomita 137 hadi uwanja wa mbio za magari wa Fuji. Bendera iliposhushwa tu, akachomoka. Wanne wakaungana naye, wakapokezana kukata upepo, na kundi likawaacha waende hadi pengo likazidi dakika 10. Zikiwa zimebaki kilomita 41 hivi, akawaacha wenzake wa mwisho.

Hapo mbio zikageuka kuwa kazi aliyoijua tangu triathloni: mtu mmoja, kasi moja, upepo wote wake. Huo ndio uamuzi ninaouheshimu. Hakungoja kundi limfundishe mambo asiyoyapenda. Alizipanga mbio zifanane naye.

Nyuma, Waholanzi waliopewa nafasi kubwa walichelewa kufukuza. Kwenye Olimpiki hakuna redio za masikioni, hivyo habari za walio mbele huwafikia waendeshaji kwa shida. Walipowanasa wale wawili wa mwisho aliowaacha Kiesenhofer, mmoja wao, Annemiek van Vleuten, aliamini njia imekwisha kuwa wazi. Akachomoka, akavuka mstari ameinua mikono kushangilia dhahabu. Kiesenhofer alikuwa amekwisha kufika dakika 1 na sekunde 15 kabla yake.